Fahirisi Haifai Kukaa Nyumba Moja

Yapo mambo ambayo sisi wanagenzi wa fasihi tumezoea kuwaachia wenzetu wa sayansi ya tarakilishi, tukidhani kwamba hayatuhusu ndewe wala sikio. Mojawapo ni suala la mahali inapotunzwa orodha. Tunazungumza sana kuhusu uhifadhi wa miswada, kuhusu nani mwenye tenzi za kale na kwa nini nyingi zimelala ng'ambo, na mjadala huo una haki yake. Hata hivyo, kabla mtu hajaufikia mswada, sharti aambiwe kwanza kwamba upo, unaitwaje, umo katika maktaba gani na chini ya nambari ipi. Kinachomwambia hayo ni fahirisi. Rai yangu katika makala haya ni kwamba fahirisi za miswada na tasnifu za Kiswahili zinapaswa kurudufishwa katika vyuo vyetu vyote vilivyounganishwa kimtandao, kila chuo kiwe na nakala kamili iliyo hai. Sababu za kufanya hivyo zimejulikana na mafundi wa mitandao kwa zaidi ya miaka 40. Sisi ndio tuliochelewa kuwasikiliza.

Nitatumia neno fahirisi. Wapo wanaopendelea saraka, ambalo limekwisha kujipatia nafasi katika istilahi za tarakilishi. Silikatai, ila katika masikio yangu saraka bado ni mtoto wa meza, mahali pa kutia karatasi na kuzisahau. Fahirisi ni kitu unachokitajia jina nacho kikakujibu mahali. Mtandao umejaa fahirisi za namna hii. Ipo inayogeuza jina la tovuti likawa nambari ya mtambo unaoihifadhi. Ipo ya chuo, inayomtambua mwanafunzi anapoandika jina na nywila yake. Ipo ya maktaba. Zote zina tabia moja: husomwa mara nyingi mno na kubadilishwa kwa nadra. Mhadhiri huajiriwa siku moja tu, lakini fahirisi ya chuo huulizwa habari zake kila asubuhi anapofungua barua pepe. Tabia hiyo ndiyo inayofanya fahirisi kuwa nyepesi kurudufisha kuliko, tuseme, hesabu za benki, ambazo hubadilika kila dakika.

Tuanze na historia kidogo. Katika miaka ya 1970, wakati mtandao uliozaa intaneti ulipokuwa bado mchanga kule Marekani, majina ya mitambo yote iliyounganishwa yaliandikwa katika faili moja, iliyotunzwa na taasisi ya utafiti ya Stanford jimboni California. Aliyetaka kuongeza mtambo aliwapelekea watunzaji taarifa, na aliyetaka orodha mpya aliichota huko huko. Mpango huo ulifaa kijiji. Mitambo ilipoongezeka, orodha ikawa inachakaa kabla haijawafikia wasomaji wake, na njia ya kuiendea ikasongamana. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo unaotumika hadi leo. Mfumo huo uliivunja orodha vipande vipande: kila eneo likapewa mamlaka ya kuandika sehemu yake, na kila sehemu ikatakiwa kuwa na nakala katika mitambo zaidi ya mmoja. Ndiyo maana majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC hapa Nairobi, wala hatumwombi mtu wa California ruhusa ya kujiandikisha.

Sababu ya kurudufisha inayotajwa kwanza na kila mtu ni ajali. Kileleni mwa mfumo huo pana seva shina zenye majina 13, zinazoendeshwa na taasisi 12. Tarehe 21 Oktoba 2002 zote 13 zilishambuliwa kwa pamoja, kwa mafuriko ya ujumbe bandia, kwa muda wa takriban saa moja. Baadhi zilielemewa. Hata hivyo, watumiaji wengi duniani hawakuhisi lolote, kwani zilizosalia ziliendelea kujibu, na mitambo ya chini ilikuwa tayari imehifadhi majibu ya awali karibu nayo. Leo majina hayo 13 yana nyuma yake vituo zaidi ya 1,500 vilivyotawanywa duniani, kila kimoja kikibeba nakala ile ile. Anayetaka kuizima fahirisi hiyo ana kazi ya kutembea mabara yote.

Sababu ya pili ni masafa, nayo ina uzito wa pekee kwetu sisi wa Afrika Mashariki. Wazee wa fani hii wanakumbuka kwamba kabla ya mwaka 2000, barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda kwa jirani wa mtaa wa pili, ikiwa wawili hao walitumia kampuni tofauti za intaneti, ingeweza kupanda setilaiti, ikazuru Ulaya au Marekani, kisha ikarudi Nairobi. Kituo cha kubadilishana mawasiliano cha KIXP kilifunguliwa Novemba 2000 ili kukomesha safari hizo, kikafungwa kwa amri ya mdhibiti baada ya muda mfupi, kikarejea mwaka 2002. Mwaka 2022 shirika la ICANN lilitangaza kuwa litaweka hapa Kenya kundi la seva shina lake la kwanza barani Afrika, ili maswali ya Waafrika yajibiwe barani humu. Nyaya za baharini zilizotufikia kuanzia 2009 zimepunguza gharama ya safari, lakini hazijaiondolea hatari. Mwezi Februari 2012 meli iliyotia nanga karibu na Mombasa iliukata waya wa TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, na nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania na Kenya zikiwamo, zikabaki na intaneti ya kukokotwa. Siku kama hizo, chuo chenye nakala ya fahirisi yake nyumbani huendelea na kazi. Chuo kinachouliza ng'ambo hukaa kikisubiri mafundi wa baharini.

Ipo pia sababu ya tatu, ya kugawana mzigo, ili mtambo mmoja usielemewe na maswali ya watu wote. Kwa fahirisi za Kiswahili sababu hiyo bado ni ndogo. Laiti tungekuwa na wasomaji wengi hivyo!

Sasa tugeukie nyumba yetu wenyewe. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini unaosimamiwa na Maktaba ya Uingereza, na picha hizo zikawekwa mtandaoni kwa yeyote kusoma. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Mwezi Oktoba 2023 maktaba hiyo ilivamiwa na wahalifu wa kimtandao waliodai fidia. Tovuti zake zikazimika. Fahirisi yake kuu ilirudi tarehe 15 Januari 2024, tena kwa kusomwa tu, na huduma nyingine zilichukua muda mrefu zaidi. Tafakari maana yake, ndugu msomaji. Miswada yenyewe ilikuwa salama huko Lamu. Hakuna karatasi iliyoungua. Ni sharti la mpango ule, tena, kwamba nakala za picha ziachwe katika nchi zilikotoka. Lakini mtafiti wa Nairobi au wa Eldoret aliyezoea kuzitafuta kupitia ukurasa wa London alijikuta kama mtu aliyepotelewa na ufunguo wa nyumba ya nyanyake. Nyumba iko pale pale kijijini, ufunguo ulikuwa umetundikwa Ulaya.

Siwalaumu Waingereza kwa kuvamiwa. Hakuna maktaba iliyo salama daima. Moto wa tarehe 18 Aprili 2021 uliounguza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town uliteketeza sehemu kubwa ya vitabu vya mkusanyiko wa masomo ya Kiafrika, na huo ulikuwa moto wa kawaida ulioteremka kutoka mlimani. Swali langu ni kwa nini sisi, tulio wadau wa kwanza wa elimu hii, hatukuwa na nakala ya orodha katika vyuo vyetu.

Hali ya fahirisi zetu kwa jumla ni ya mtawanyiko. Anayetafuta miswada iliyo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ataelekezwa kwenye orodha ya J. W. T. Allen, iliyochapishwa mwaka 1970 kule Leiden. Anayetafuta ya Ujerumani atahitaji orodha ya Ernst Dammann ya mwaka 1993, iliyoandikwa kwa Kijerumani. Hati zilizokusanywa na akina William Taylor, Alice Werner na William Hichens zimo SOAS, London, na fahirisi yake imo katika tovuti ya huko. Mswada wa Utenzi wa Tambuka unaobeba tarehe ya mwaka 1728 umo Hamburg. Mwanafunzi wa Maseno anayetaka kujua tu ni nakala ngapi za utenzi fulani zinazojulikana duniani hana budi kubisha milango minne, miwili ikiwa ya vitabu ambavyo pengine maktaba yake haina.

Na tusidhani kwamba ubovu uko mbali tu. Katika chuo kimoja cha humu nchini, ambacho sitakitaja, nilikwenda kutafuta tasnifu ya uzamili iliyowasilishwa miaka ya 1990. Kadi za fahirisi zilikuwa zimeondolewa na habari zake kuingizwa katika tarakilishi moja iliyowekwa mezani, na tarakilishi hiyo ilikuwa imeharibika majuma matatu kabla.

"Tasnifu ipo, mwanangu," alisema mhudumu, mzee mpole mwenye subira. "Rafu ndiyo siijui."

Nikamwuliza, "Na zile kadi, mzee, zilipelekwa wapi?"

"Zilichukuliwa na wanunuzi wa karatasi kuukuu."

Tasnifu hiyo sijaiona hadi leo. Mtu alitumia miaka miwili au mitatu ya ujana wake kuiandika, na kwa sasa hali yake ni ile ile ya kazi ambayo haikuandikwa kamwe. Wala haikuhitaji mvamizi wa kimtandao au moto wa mlimani. Kilichotosha ni orodha moja katika mashine moja.

Najua pingamizi zitakazotolewa, na iliyo nzito kuliko zote inatoka katika fani yetu wenyewe. Sisi tunajua yanayotokea kitu kinaponakiliwa mara nyingi. Muhammad Kijumwa wa Lamu alinakili tenzi kwa hati yake nzuri kwa ajili ya Werner, Hichens na Dammann, na bila makatibu wa aina yake tungekuwa na kumbukumbu chache mno. Ila kila kunakili huzaa tofauti. Linganisha Al-Inkishafi iliyotolewa na Taylor mwaka 1915 na ile ya Hichens ya mwaka 1939, utakuta wanazuoni wamepata la kujadili kwa miongo. Katika fasihi tofauti hizo ni mali. Katika fahirisi ni maradhi. Nakala ya Nairobi ikisema mswada umo kabati la tatu, na ya Dar es Salaam iseme umeuzwa, msomaji hafurahii utajiri wa matini bali anapotezewa nauli.

Mafundi wamelishughulikia tatizo hili kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuwa na nakala moja kuu inayoandikwa, nazo nyingine zisomwe tu, zikiifuata ile kuu kila baada ya muda fulani. Njia hii ni nyepesi kuelewa, na kasoro yake ni kwamba nakala kuu ikilala, hakuna anayeweza kusahihisha chochote popote. Ya pili inaruhusu kila nakala kuandikwa, kisha nakala zote hupashana habari na kusuluhisha migongano kwa kanuni zilizokubaliwa, kwa mfano badiliko la karibuni zaidi lishinde. Hapa migongano ni ya lazima, na kanuni ya tarehe haina busara: huweza kumpa ushindi karani aliyeamka mwisho.

Kwa miswada yetu ningependekeza mkondo wa mwaka 1983, yaani kugawa mamlaka ya kuandika na kusambaza haki ya kusoma. Dar es Salaam iandike kuhusu ya Dar es Salaam, Lamu kuhusu ya Lamu, Hamburg kuhusu ya Hamburg. Hakuna anayegusa sehemu ya mwenzake, lakini kila mmoja hubeba nakala ya zote. Nakala ya Maseno inaweza kuchelewa siku moja au mbili kupata badiliko la Lamu, na kwa kitu kilichonakiliwa karne tatu zilizopita, siku mbili si kitu.

Hapo litabaki suala la majina, ambalo ni kazi yetu sisi watu wa Kiswahili na wala si la mafundi. Utenzi wa Tambuka huitwa pia Utenzi wa Herekali, na wengine husema Chuo cha Herekali. Liyongo huandikwa kwa y na bila y. Mtambo hauna ujuzi wa kutambua kwamba hao ni mtu mmoja na utenzi mmoja. Ukiachiwa, utaorodhesha kazi tatu ambapo Bwana Mwengo alitunga moja. Kila mswada hauna budi kupewa nambari yake isiyobadilika, majina yote yafungwe kwenye nambari hiyo, na anayeyafunga awe mtu aliyesoma tenzi. Ajabu ni kwamba kazi hii, ambayo ndiyo kiini cha fahirisi nzima, haihitaji tarakilishi ya bei ghali. Inahitaji wanafunzi wa uzamili wenye subira, nasi tupo.

Pingamizi nyingine ni ya wale wasemao kwamba kila kitu sasa kimo "mtandaoni", hivyo nakala za nini? Hao wamesahau kwamba mtandaoni ni mahali pa mtu fulani, penye umeme wake na bajeti yake. Aidha, wingi wa nakala peke yake hautoshi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, pamoja na WhatsApp, zilitoweka duniani kwa takriban saa sita. Kampuni hiyo ilikuwa na seva nyingi za majina, mahali pengi. Lakini seva hizo zilikuwa zimepangwa zijiondoe mtandaoni zikipoteza mawasiliano na vituo vikuu, na uti wa mgongo unaoziunganisha ulipokatwa kwa kosa la matengenezo, zote zilijiondoa kwa pamoja. Nakala kumi zilizoning'inia kwenye kamba moja huanguka pamoja. Kwa hiyo haitufai kuweka nakala zote katika vyuo vya Nairobi, vinavyotumia umeme na nyaya zile zile, tukajipongeza. Mombasa iwe na yake, Eldoret iwe na yake, Zanzibar na Dar es Salaam vivyo hivyo.

Pingamizi ya tatu ninaiheshimu zaidi, na sina jibu lake kamili. Miswada mingi ingali mikononi mwa familia za Lamu, Pate, Siyu na kwingineko. Wenyewe wana sababu ya kuogopa orodha, kwa maana orodha humwonyesha mnunuzi mlango wa kubisha. Kila nakala ya ziada ni mwanya wa ziada wa siri kuvuja, na kosa likishasambazwa katika nyumba kumi, kulifuta ni vigumu. Rai yangu ni kwamba kinachorudufishwa kwa familia hizo kiwe jina la kazi, idadi ya kurasa na taasisi ya kuulizia, basi. Jina la mwenye mswada na mtaa wake vibaki kwa taasisi inayoaminiwa naye, pasipo nakala. Kuna watafiti watakaonung'unika kwamba fahirisi ya namna hiyo ni nusu. Wanung'unike.

Kuhusu gharama sitasema mengi, kwa kuwa hesabu ni fupi. Tuchukulie kila ingizo lina herufi 2,000, ambazo ni nyingi mno kwa maelezo ya mswada mmoja. Maingizo 10,000 yatakuwa takriban megabaiti 20. Hizo ni picha chache tu za simu. Picha za miswada yenyewe ni mzigo mwingine kabisa, wenye kuhitaji mitambo mikubwa na mikataba ya hakimiliki, na nina hofu kwamba tumeacha kufanya lililo jepesi kwa sababu tumelifunga pamoja na lililo zito. Orodha ya maktaba nyingi hizi imekwisha kuchapishwa au kuwekwa wazi. Kilichobaki ni kuomba idhini, kuingiza na kulinganisha. Vyuo vyetu, kwa upande wake, vimeunganishwa na mtandao wa KENET, ulioanzishwa mwaka 1999 kwa ajili ya elimu na utafiti, kwa hiyo nakala zinaweza kupashana habari usiku bila kutoka nje ya nchi.

Mahali pa kuanzia ni tasnifu, maana hizo hazina mzozo wa umiliki na idara zenyewe ndizo zilizozipokea. Chama chetu kinaweza kuziomba idara za Kiswahili za vyuo vinne au vitano orodha zao: jina la mwandishi, mada, mwaka, msimamizi na nambari ya rafu. Orodha zitakuja zikiwa zimechanganyika, nyingine kwa kalamu ya wino, nyingine kwa faili lisilofunguka. Kikundi cha wanachama wawili kutoka kila chuo kizisawazishe wakati wa likizo ya Agosti, kisha kila idara irudishiwe orodha nzima, yake na za wenzake, ndani ya kifaa kidogo cha kubebea data na katika seva yake. Maombi ya likizo hiyo yanapaswa kufika kwa wenyeviti wa idara kabla ya mitihani ya muhula huu, na rasimu ya barua nimekwisha kumkabidhi katibu wa chama.